Wenye tovuti za ajira wawajibike kwa matangazo yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nichangie mjadala ulioanzishwa na makala yenu kuhusu watu wanaotafuta kazi kupitia tovuti za ajira. Mwandishi wa makala hiyo aliutwisha mzigo wote waombaji: kwamba hutuma wasifu uleule kwa kila mwajiri, kwamba hawasomi masharti, kwamba hukata tamaa mapema, na kwamba wangejirekebisha wangejibiwa. Nimefanya kazi katika idara za rasilimali watu kwa sehemu kubwa ya umri wangu na maombi ya ovyo nimeyasoma mengi, likiwamo moja lililoeleza kwa moyo wote jinsi mwombaji alivyokuwa akitamani kufanya kazi kwa mshindani wetu, tena akimtaja kwa jina. Kwa hiyo simkatalii mwandishi kwamba wazembe wapo. Lakini katika shughuli hii kuna pande tatu, yaani mwombaji, mwajiri na mwenye tovuti, na makala nzima ilipita bila kumgusa huyo wa tatu, ambaye ndiye mwenye mlango na ndiye anayelipwa.

Wasomaji wenu wa rika langu wanakumbuka tangazo la kazi lilivyokuwa gazetini. Mwajiri alilipia nafasi kwa mstari au kwa ukubwa, akalipa tena kila alipotaka tangazo litoke, na kwa sababu hiyo ni wachache waliotangaza nafasi wasizokuwa nazo. Tarehe ya mwisho ya kupokea maombi iliandikwa chini, na hata isipoandikwa, toleo la kesho yake lilikuwa limekwisha kulisahaulisha tangazo la leo. Sisemi waajiri wa wakati huo walikuwa waungwana kuliko wa sasa. Gharama ndiyo iliyokuwa ikichuja.

Tovuti za ajira ziliipunguza gharama hiyo, na kwa mwombaji faida ilikuwa kubwa. Bill Warren alipoanzisha Online Career Center nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Jeff Taylor akaanzisha Monster Board mwaka 1994, mtu aliyeishi mbali na miji mikubwa aliweza kuona nafasi ambazo awali zilisomwa na wale tu walioliona gazeti la mji husika. Huduma hizo mbili ziliunganishwa chini ya jina la Monster mwaka 1999. Mwaka 2004 ikaja Indeed, ambayo haikungoja mwajiri alete tangazo, bali iliyakusanya matangazo yaliyokwisha kuwekwa kwenye tovuti nyingine na kuyaonyesha mahali pamoja, na mwajiri aliyetaka tangazo lake litangulie akawa analipia kila mara lilipobonyezwa. Mkusanyiko wa namna hiyo ulimrahisishia mwombaji utafutaji, lakini pia ulilitenga tangazo na mtu aliyeliandika. Tovuti inayojinadi kwa wingi wa nafasi haipati hasara ya maana ikiwa tangazo lililokufa litabaki. Linakuza idadi, na linamleta msomaji mwingine anayeweza kubonyeza tangazo la jirani lililolipiwa. Anayelipia uzee wa tangazo ni mwombaji, kwa muda wake na kwa bando lake.

Binti wa kaka yangu ni mhasibu na anatafuta kazi, nami hukaa naye jioni nikimsaidia, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyaona kwenye kioo cha simu yake. Tangazo linasema limewekwa siku mbili zilizopita. Analibonyeza, anapelekwa kwenye tovuti ya pili, ambayo inadai kwanza afungue akaunti. Anaifungua, anathibitisha anwani yake ya barua pepe, anapelekwa kwenye tovuti ya tatu, na huko tangazo lilelile, neno kwa neno pamoja na makosa yake ya tahajia, lina tarehe ya miezi kadhaa nyuma. Tovuti ya nne ndiyo ya mwajiri mwenyewe, nayo inamjibu kwamba ukurasa anaoutafuta haupo. Zile siku mbili zilikuwa umri wa nakala. Kazi yenyewe ilikwisha kupata mtu zamani. Usiku huohuo barua pepe zinaanza kumiminika kutoka kila tovuti aliyofungulia akaunti, zikimpendekezea udereva wa lori, kwa kuwa mahali fulani katika wasifu wake ameandika kwamba aliwahi kushika hesabu za kampuni ya usafirishaji.

Yapo pia matangazo ambayo hayakuzeeka, ila ni hewa tangu siku yalipowekwa. Nikiwa upande wa waajiri niliyaona yakiandikwa, na sababu zake si siri kwa yeyote aliyekaa katika ofisi hizo. Kampuni inataka kuwa na akiba ya wasifu wa watu wa kuwaita siku itakapohitaji. Au nafasi imekwisha kupata mwenyewe, mtu wa ndani au jamaa wa mkubwa fulani, ila kanuni zinataka itangazwe. Au meneja anataka wafanyakazi alionao watambue kwamba nje kuna foleni inayowangoja. Au, kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta mtaji, wakubwa walitaka ionekane inakua. Katika ofisi mojawapo, ambayo sitaitaja, tangazo la kumtafuta afisa masoko lilikaa mtandaoni mpaka likawa utani wa chumba cha chai. Maombi yaliingia kila siku katika anwani ya barua pepe ambayo hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuifungua, na tovuti iliyolibeba tangazo hilo haikuwahi kutuuliza kama bado tulikuwa tukimtafuta mtu huyo. Ilituletea ankara kwa wakati, hilo nakiri.

Sasa mfikirie mwombaji ambaye amekwisha kukutana na matangazo kama hayo mara kadhaa. Je, ni busara kwake kukesha akiandika barua ya maombi iliyochongwa kwa ajili ya mwajiri mmoja, wakati hajui kama nyuma ya tangazo kuna kazi? Mtu mwenye akili timamu atatuma mengi, atatuma haraka, na siku hizi ataiachia akili mnemba imwandikie. Mwajiri naye, akiona maombi yamefurika na yanafanana kama yaliyotoka mkono mmoja, anaongeza programu nyingine ya kuyachuja. Uzembe ambao mwandishi wenu aliulaani una chanzo, na chanzo chake hakiko kwa waombaji peke yao.

Na hata tangazo likiwa hai, fomu yake ni mtihani. Inamtaka mwombaji apakie wasifu, na akishaupakia inamtaka aandike upya kila kilichomo, kisanduku kwa kisanduku: mwezi wa kuanza, mwezi wa kumaliza, jina la msimamizi, simu ya msimamizi, sababu ya kuondoka. Kisanduku cha mshahara anaoutarajia hakipokei maneno kwamba tutazungumza. Kinataka tarakimu, na tarakimu hiyo inadaiwa kwa mtu ambaye mwajiri hajamdokeza anatoa kiasi gani. Akitaja kidogo amejipunja, akitaja kikubwa anaweza kuondolewa kabla hajaonwa na binadamu yeyote. Kuhusu programu hizo za kuchuja, inafaa kukumbuka kwamba mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa Amazon iliachana na mfumo wake wa majaribio wa kuchambua wasifu baada ya kubaini kwamba ulikuwa ukiwashusha alama wanawake, kwa sababu ulifundishwa kwa maombi ya miaka 10 ambayo mengi yalitoka kwa wanaume. Kampuni ile ilikuwa na wataalamu wa kuikagua kazi yao wenyewe. Mwajiri mdogo anayepewa mfumo wa kuchuja kama nyongeza kwenye kifurushi cha tovuti hana mtaalamu wa kumwambia nani ameachwa nje na kwa nini.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni usalama. Wasifu ni karatasi inayobeba jina kamili, simu, anwani, shule, kazi zote za nyuma na majina ya wadhamini, na mtu hawezi kumpa tapeli kifaa bora kuliko hicho. Agosti 2007 ilibainika kwamba wezi wa mtandaoni walikuwa wameingia katika hifadhi ya wasifu ya Monster kwa kutumia nywila za waajiri zilizoibwa, wakachukua taarifa za watu zaidi ya milioni 1, kisha baadhi ya watu hao wakatumiwa barua pepe za ulaghai zilizofanana na za tovuti yenyewe. Lakini mara nyingi tapeli wa leo hahitaji hata kuiba. Anajisajili kama mwajiri, anaweka tangazo zuri lenye nembo ya kampuni inayojulikana, na wasifu unamfuata wenyewe mezani. Baada ya siku chache mwombaji anapokea ujumbe kwamba amechaguliwa bila usaili, mazungumzo yanahamishiwa WhatsApp au Telegram, na kabla ya barua ya ajira anatakiwa alipie sare, au vipimo vya afya, au ada ya kushughulikia faili. Kila malipo yanazaa lingine, na wengi huendelea kulipa kwa sababu wanaogopa kupoteza walichokwisha kulipa.

Wapo waliopoteza zaidi ya fedha. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni. Wengi wao walivutwa na matangazo ya kazi ya uongo yaliyowaahidi ajira halali. Walikuwamo wasomi, watu wenye ujuzi wa kompyuta na lugha zaidi ya moja, kwa hiyo hao wanaodhani kwamba anayetapeliwa ni mjinga wajitafakari.

Kuhusu ada, msimamo wa kimataifa ni wa siku nyingi. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1997, unasema katika ibara ya 7 kwamba wakala binafsi wa ajira hatamtoza mfanyakazi ada wala gharama yoyote, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ukiacha mianya michache ambayo mamlaka ya nchi inaweza kuiruhusu kwa masharti. Ibara ya 6 inataka taarifa binafsi za wafanyakazi zilindwe na zihusike tu na sifa na uzoefu wao wa kazi pamoja na taarifa nyingine zinazohusiana moja kwa moja na jambo hilo. Mkataba Na. 88 wa mwaka 1948 ulikuwa umekwisha kuzitaka serikali ziwe na huduma ya umma ya ajira isiyo na malipo. Sioni sababu kwa nini tovuti inayowakutanisha waajiri na waombaji, inayopanga nani aonwe kwanza, na inayowauzia waajiri ruhusa ya kupekua wasifu, isiingizwe katika maana ya wakala wa ajira kwa kuwa tu haina ofisi yenye ubao mlangoni.

Najua wenye tovuti watajibu nini, kwa sababu niliwahi kuwauliza wakati nikiwa mteja wao. Watasema wao ni ubao tu, na mbao za matangazo hazishtakiwi kwa kilichobandikwa juu yake. Utetezi huo ungekuwa na uzito kama ubao wenyewe usingekuwa unapanga lipi likae juu na lipi chini, unamkumbusha mwombaji kila asubuhi kwamba kazi inayomfaa imepatikana, na unahesabu kila kidole kilichogusa kioo. Tovuti yenye uwezo wa kujua kwamba mtu amelitazama tangazo kwa sekunde 40 bila kuomba haiwezi kudai haina uwezo wa kujua kwamba tangazo hilo halijaguswa na mwenyewe kwa nusu mwaka. Watasema pia kwamba uhakiki ni ghali. Kuhakiki mwajiri kwa namba yake ya usajili, na kwa barua pepe iliyotumwa katika anwani ya kampuni yenyewe badala ya anwani ya bure, ni kazi nyepesi kuliko ile wanayoifanya kuhakiki kadi ya benki ya mlipaji. Na kuhusu uzee wa matangazo, njia ipo tayari: mpangilio wa data, yaani alama zinazowekwa ndani ya ukurasa wa tangazo ili kompyuta izisome, ambao Google imekuwa ikiusoma tangu ilipoanza kuonyesha nafasi za kazi katika utafutaji wake mwaka 2017 una sehemu ya kuandika tarehe ya tangazo kuisha, na masharti yake yanataka matangazo yaliyopitwa na wakati yaondolewe. Sehemu ya kuiandika tarehe ipo. Wengi hawaiandiki kwa sababu hawadaiwi.

Zipo nchi zilizoanza kudai. Katika jimbo la Colorado nchini Marekani, tangu Januari 2021 mwajiri anatakiwa kutaja kiwango cha mshahara ndani ya tangazo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo linalompa mwombaji haki ya kujulishwa mshahara wa kuanzia, au kiwango chake cha chini na cha juu, kabla ya usaili, na linalomkataza mwajiri kumuuliza alikuwa akilipwa kiasi gani huko atokako. Nchi wanachama zilipewa hadi Juni 7, 2026 kuliingiza katika sheria zao. Sheria ninayoipenda kuliko zote ni ya jimbo la Ontario, Kanada, iliyoanza Januari 1, 2026, kwa kuwa imeandikwa na mtu anayejua ofisi zinavyofanya kazi. Mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi anayetangaza kazi kwa umma lazima aseme kama nafasi ipo kweli au hapana, ataje kiwango cha malipo, aseme kama anatumia akili mnemba kuchuja waombaji, na amjulishe kila aliyefika kwenye usaili, ndani ya siku 45, kama uamuzi wa kuajiri umekwisha kufanyika. Hilo la mwisho halihitaji teknolojia yoyote, linahitaji adabu tu, na imebidi liandikiwe sheria.

Hata hivyo sheria hizi karibu zote zinamfunga mwajiri, na mwenye tovuti anaendelea kusimama pembeni. Pendekezo langu ni kwamba wajibu umfikie yeye pia. Tangazo lisilo na jina la mwajiri aliyehakikiwa lisipokelewe. Lisilo na tarehe ya mwisho lijiondoe lenyewe baada ya siku 30 mpaka mwajiri athibitishe kwamba bado anaajiri. Nakala iliyokusanywa kutoka tovuti nyingine ibebe tarehe ya tangazo la asili. Na mwombaji akitoa taarifa ya utapeli, tovuti iliyoendelea kulionyesha tangazo hilo baada ya kuarifiwa irudishe fedha alizopoteza aliyefuata. Hili la fedha litapigiwa kelele, nami naona ndilo pekee litakalofanya hayo mengine yatekelezwe.

Tovuti zikishindwa kuaminika, watu hawataacha kutafuta kazi. Watarudi kwenye koneksheni. Koneksheni inafanya kazi, hilo hata wanazuoni wamelithibitisha. Mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wengi waliopata kazi kupitia kujuana walizipata kwa watu wanaofahamiana nao kwa mbali, wala si kwa ndugu na marafiki wa karibu, na utafiti mkubwa uliofanywa kwa watumiaji wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na taaluma, na kuchapishwa mwaka 2022 ulielekea hukohuko. Lakini kujuana kwa mbali nako kuna wenyewe: aliyesoma shule fulani, aliyewahi kufanya kazi mahali fulani. Kijana wa kwanza kusoma katika ukoo wake hana mfahamiani wa mbali aliye katika benki au kampuni ya bima. Kwake yeye tovuti ya ajira ndiyo pekee inayoweza kumfikisha mahali ambapo jina la baba yake halijulikani, na ndiyo maana nashikilia kwamba isiachwe ichakae.

Kwa waombaji, wakati sheria hazijafika, nina machache. Kabla ya kuandika chochote, nendeni kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe mkaone kama nafasi ipo. Andaeni wasifu wa kupakia kwenye tovuti usio na anwani ya nyumbani, namba ya kitambulisho wala simu za wadhamini. Hizo mtazitoa mkiitwa. Kazi inayodai fedha kabla ya kuanza si kazi.

Kwenu, Mhariri, nina ombi ambalo natumaini halitaondolewa wakati wa kuifupisha barua hii. Gazeti lenu nalo lina ukurasa wa nafasi za kazi kwenye tovuti yake, na wiki hii nimeupitia. Matangazo kadhaa ambayo tarehe yake ya mwisho ilikwisha kupita yalikuwa bado yapo, mawili kati yake juu kabisa ya ukurasa, na moja halikuwa na jina la mwajiri bali sanduku la barua pepe la bure. Naomba yaondolewe, na naomba mtueleze wasomaji wenu ni nani katika ofisi yenu mwenye jukumu la kuyaangalia.

Wenu msomaji,
Afisa rasilimali watu mstaafu